Ndege za Karatasi na Kidole cha Lotsove

Ni wiki ya saba sasa tangu niache kazi, na bado sijajua namna ya kukaa. Asubuhi nafagia kiwanja, kisha nafagia tena pale pale. Mume wangu ananiuliza kama kuna kitu nimepoteza. Hakuna. Kwa miaka thelathini na moja nilishika mikono ya wagonjwa kuanzia saa mbili asubuhi, na mwili haujasikia kwamba imekwisha. Kwa hiyo ninyi vijana wa chumba chetu cha mazoezi hospitalini mliponiambia, "Mama, tuandikie kidogo, tujue zile ndege za dirishani zilitoka wapi," nilikubali kabla hamjamaliza kusema.

Mambo ya vyeo sitaandika. Nani alipandishwa na nani alirukwa, mtayasikia hata bila mimi, pamoja na uongo wake.

Kwa mgeni atakayekuta karatasi hizi: kazi yetu inaitwa kine. Mtu akivunjika au akikatwa, daktari mpasuaji anashona na kufunga, halafu anamleta kwetu tumrudishie mwendo. Kutembea, kushika kijiko, kufunga kifungo. Mimi nilibaki upande wa mikono. Mjini Bunia waliniita Madame Kine, hata sokoni, hata kanisani siku ya ubatizo wa mtoto wangu.

Siku ya kwanza nilifika na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, na daftari la shule lenye michoro ya misuli yote ya mkono kwa rangi nne. Mkubwa wa chumba alikuwa Papa Ujwiga, mtoto wa mvuvi wa Mahagi-Port kule ziwani, mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo hukutegemea vingeweza kushika sindano. Daftari langu hakulifungua. Alinipa kipande cha wavu uliochanika, sindano ya mbao na uzi.

"Funga macho," akasema. "Tengeneza."

Wagonjwa wanne walikuwa mezani wanatazama. Nilijaribu. Uzi ulinizunguka kidole, sindano ikaanguka, nikaitafuta chini kwa kupapasa. Mmoja akacheka, kisha wote wakacheka. Nilipofungua macho nilikuwa karibu kulia.

"Sasa weye uko mugonjwa," Papa Ujwiga akasema bila kucheka. "Sikia vile inauma kushindwa mbele ya batu. Ile haiko mu daftari yako."

Vifaa vyake vilikuwa beseni la maharagi, vibanio vya nguo, mifuko ya mchanga iliyoshonwa kwa miguu ya suruali kuukuu, na mpira wa matambara. Mgonjwa anaokota maharagi moja moja, anayaweka kwenye kikombe. Kikombe kikijaa, unamwaga, anaanza upya. Miaka mingi nilimwaga maharagi hayo na nikaona ni kazi nzuri.

Aliyenitoa huko alikuwa mpakiaji wa mizigo wa uwanja wa ndege, jina lake Ngabu. Sanduku la vipuri lilimwangukia kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukaunga vizuri, lakini mkono ukabaki mgumu kama ufunguo ulioshika kutu. Siku ya nne alilisukuma lile beseni pembeni.

"Madame, hii maharagi iko bila mwisho. Mi naokota, weye unamwanga. Hii ni kazi ya mu gereza."

"Unataka kazi gani?"

"Kesho mi nitakuya na ya kwangu."

Kesho yake alikuja na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ngumu zilizochapwa vipande vya ajabu: pembe, duara, mikanda yenye meno meno pembeni, kila kipande na namba yake. Sikuelewa kitu. Ngabu alitandaza karatasi mezani kama mtu anayeonyesha vitenge.

"Ona. Mutu alichukua ndege, akaichuna kama mbuzi, akatandika ngozi yake hapa. Siye tunakata, tunakunja, tunabandika. Mbuzi anarudia mu ngozi yake."

Uwanjani, alinieleza, kazi kubwa ni kungoja. Ndege imechelewa kwa mawingu, au kwa sababu kuna habari mbaya upande fulani na rubani hataki kuja. Wenzake walicheza karata. Yeye alijenga ndege. Michoro aliipata kwenye mtandao, akaichapisha kwenye sekretaria, vile vibanda vya kompyuta na mashine ya kuchapa vilivyo pembezoni mwa barabara kubwa.

Ndege yake ya kwanza mezani kwetu ilichukua vikao kumi na kimoja. Kifundo kilirudi kabla ya mkia. Siku alipobandika usukani wa nyuma, aligeuza mkono wake juu na chini bila kufikiri, na mimi peke yangu ndiye niliyeona. Papa Ujwiga aliichukua ndege, akaipima mkononi.

"Inaruka?"

"Apana, Papa. Ni ya kuangalia."

"Basi iko sawa na ndege ya serikali," akasema, na akaitundika dirishani kwa uzi wa wavu.

Maharagi, wiki ileile, tuliyapika.

Sasa mambo ya ufundi, maana najua kuna wenzenu wanaobandika ovyo. Karatasi ya kawaida haifai, inalegea. Ile nene sana nayo inapasuka kwenye mkunjo. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyoisha wino juu ya mstari wa nukta nukta, ukisaidiwa na rula, ndipo ukunje. Kalamu hiyo ndiyo kipimo chenu kizuri kuliko vyote: mgonjwa akikandamiza sana atatoboa, akikandamiza kidogo hakuna alama. Kole, yaani gundi, ipakwe kwa kijiti cha meno. Kole ya dukani ikikosekana, uji mzito wa unga wa muhogo unashika, lakini mende wanaupenda, na mtakuta bawa limeliwa. Wakati wa mvua msijenge kitu chochote karibu na dirisha, karatasi inavuta maji na mwili wa ndege unavimba kama mtu aliyekula kunde usiku. Na mkienda sekretaria, simameni pale mpaka karatasi ya mwisho itoke. Mara moja umeme ulikatika katikati, kijana akahamia mashine nyingine, mwili ukatoka mkubwa na mabawa yakatoka madogo. Mgonjwa, mwalimu mzee wa mtaa wa Lumumba, aliijenga hivyo hivyo mpaka mwisho. Tulipomwuliza ni ndege gani, akasema ni kuku.

Hayo ndiyo mliyoyataka. Yanayofuata hamkuyaomba.

Miaka ile ndiyo watu waliyoiita amani. Karatasi zilikuwa zimesainiwa, masoko yamefunguliwa, watoto shuleni. Lakini kila nyumba ilikuwa na mfuko umefungwa nyuma ya mlango, na sisi tuliokuwa kazini tulivaa viatu vya kukimbilia. Pikipiki ikipasua hewa barabarani, chumba kizima kinanyamaza, kila mkono unasimama ulipo. Mezani kwetu hakuna aliyeulizwa kijiji chake, ila kila mmoja alijua cha mwenzake. Waliazimana mkasi. Zaidi ya hapo sikutaka kujua, na pengine nilikosea, lakini mkasi ulikuwa mmoja.

Katika miaka hiyo aliletwa Lotsove, mshonaji wa nguo kutoka Djugu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyekuwa akiishi kwenye kambi ya waliokimbia. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto kujikinga. Panga lilipita kiganjani na kukata kano, zile kamba zinazovuta vidole. Daktari alizishona kwa saa tatu. Alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Madame, hizi kano ni kama uzi uliolowa. Umpeleke polepole."

Lotsove alikaa mezani na mkono wake ndani ya ateli, kile kipande kigumu kinachoshikilia vidole visinyooke. Alitazama ndege za dirishani.

"Ile ya nini?"

"Utajenga moja, mkono ukianza kusikia."

"Mi sitaki ndege. Zinapita juu kila siku, hazitubebe." Akafikiri. "Haiko na nyumba? Nipatie nyumba."

"Nyumba haiko."

"Basi," akasema. "Lete hiyo ndege."

Mwanzoni ilikuwa kazi ya mkono wa kulia tu, wa kushoto ukitazama. Kisha wiki ya tatu na ya nne, vidole vya kushoto vikaruhusiwa kusogea kidogo, kulalia karatasi isiteleze. Alikata kuliko mtu yeyote niliyewahi kuona. Mkasi wake haukurudi nyuma. Vipande vyake vilikuwa safi hata nikaacha kumwelekeza. Alianza kusema. Alisimulia mashine yake ya kushonea, jinsi alivyoizika kwenye shamba la mihogo ikiwa imefungwa kwa nailoni, na jinsi alivyohesabu mistari ya mihogo ili aikumbuke. "Mi natafuta tu vidole vya kuifukua," alisema.

Wiki ya tano ilianza vibaya. Jumatatu helikopta mbili zilipita chini sana, zikarudi, zikapita tena. Jumanne ikasemekana kambi yao itahamishwa, hakuna aliyejua wapi. Jumatano asubuhi nusu ya wagonjwa wangu walifanya mazoezi wamesimama karibu na mlango. Mtoto wangu alikuwa shuleni ng'ambo ya mto, nami nilikuwa nimeshatazama saa mara ishirini. Masikio yangu yalikuwa nje.

Ndege ya Lotsove ilikuwa imebaki bawa moja. Nilitaka iishe. Niliwaza: akihamishwa kesho bila kumaliza, wiki tano zimepotea. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba mimi nilitaka kuona kitu kimoja kimeisha kabla jambo lolote halijatokea.

Ukingo wa bawa hubandikwa kwa kufinya kati ya kidole gumba na vidole vingine mpaka kole ishike. Nilimfungulia ateli. Niliweka bawa katika mkono wake wa kushoto.

"Finya," nikamwambia.

Alifinya.

"Madame, inavuta."

"Kuvuta ni dalili nzuri. Finya tena."

Nje mtu aligonga bati la lango, nikageuza kichwa. Nilipomrudia, alikuwa bado ameshika bawa, amelitazama, na kidole cha pete kilikuwa kimenyooka peke yake, kimebaki nyuma ya wenzake. Hakupiga kelele.

"Hiki kimelala," alisema polepole.

Nilijua wakati uleule. Kano ikikatika haitoi sauti chumbani, lakini mikononi mwangu niliisikia kama vile mimi ndiye niliyekatika. Nikamrudishia ateli, nikamwambia tungoje daktari. Uso wangu nilidhani nimeushika vizuri.

Daktari aliona kile alichoona. Akauliza ilikuwaje. Nikasema ilikatika yenyewe, alipokuwa akiokota karatasi. Kwenye dosie, faili la mgonjwa, niliandika hivyo hivyo: kano ya kidole cha pete imekatika yenyewe. Papa Ujwiga alisoma kila dosie kila Ijumaa. Aliisoma hiyo, akainua kichwa.

"Yenyewe?"

"Yenyewe, Papa."

Aliifunga, akaiweka juu ya nyingine, akasawazisha kingo zake. Mwaka uliofuata alirudi kwao ziwani, na jambo hilo hakulitaja hata siku ya kumuaga, alipomtania kila mtu. Mimi peke yangu hakunitania.

Daktari alimpa Lotsove nafasi ya kupasuliwa tena: wiki sita nyingine za ateli, na labda kidole kingekunja. Alikataa.

"Nikimbie na ateli mara ya pili? Apana. Bitatu bikikunja, na kidole kikubwa, inatosha kushika nguo."

Kambi haikuhama wiki ile. Ilihama baada ya mwezi. Katika mwezi huo alirudi kila siku, na mimi sikuthubutu kumwambia afinye chochote. Nilikuwa namshika kama yai. Yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta njia. Alileta sindano na uzi, akashona ukingo wa bawa mishono mirefu ya muda kama mtu anayeshikiza pindo, akapaka kole, ikakauka, kisha akafumua uzi. Mnapowafundisha wagonjwa wasioweza kufinya kushikiza kwa uzi, mnafanya kazi ya Lotsove. Kidole kilichonyooka alikitumia kulalisha karatasi. Ndege aliimaliza, akaikagua, akasema mkia umepinda. Kweli ulikuwa umepinda. Akatuachia. Akaondoka na watu wake, nami kwa miaka sikusikia habari zake.

Nikatunga kanuni. Mnaijua: hakuna mgonjwa wa kano kufinya kabla ya wiki ya nane, hata akiomba, hata mji ukikimbia. Mliponiuliza imetoka wapi, nilisema iko kwenye kitabu nilichosoma shuleni. Kitabu hicho hakipo. Wengine wenu mmewafundisha wanafunzi na kukitaja. Naomba radhi kwao pia.

Siku yangu ya mwisho kazini, mlipokuwa mkipanga viti kwa ajili ya hotuba, niliteremka kwenye chumba cha dosie za zamani. Nilimpata Lotsove kwenye rafu ya chini, panya wameanza kona moja. Nilifuta lile neno, yenyewe, kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, nikaandika kilichotokea, nikaweka sahihi. Nilidhani nitapanda ngazi nikiwa mwepesi. Nilikuja nikala keki yenu na kusikiliza hotuba, na moyo haukutulia hata kidogo, kwa maana karatasi ilikuwa imeambiwa, mtu hakuwa ameambiwa.

Basi kufagia kwangu kukageuka kutembea. Niliuliza kwa washonaji, mmoja baada ya mwingine, Lumumba kwanza, kisha sokoni. Wiki ya sita mama mmoja muuza vifungo akaniambia, "Mwenye kidole ya kunyooka? Ule eko kule Shari, karibu na kinu."

Nilimkuta kwenye baraza la nyumba ya matofali, mashine mbele yake, kitambaa cha sare za shule kikimiminika magotini. Mashine ilikuwa nyeusi, na ubavu mmoja rangi ilikuwa imeliwa na udongo. Alikuwa amenenepa. Kidole cha pete kilikuwa juu ya kitambaa, kimenyooka, kinaongoza pindo kuelekea sindano.

"Madame Kine!" Alisimamisha gurudumu. "Umezeeka."

"Nimeingia retreti, kazi nimeacha."

"Keti."

Sikuketi. Nilihofu kwamba nikiketi nitaanza habari za watoto na mvua. Nikasema nikiwa nimesimama.

"Lotsove, kile kidole hakikukatika chenyewe. Ni mimi nilikikata. Haikuwa wakati. Uliniambia inavuta, nikakuambia ufinye. Kisha nikamwambia daktari uongo."

Mtu alipita na baiskeli, akamsalimu Lotsove, naye akaitikia.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mi niko mushonaji, Madame. Uzi ikikatika, mi najua ni nani alivuta. Na uso yako siku ile, hata mutoto angejua."

"Mbona hukusema? Kwa daktari, kwa Papa Ujwiga?"

Alikuwa amekwisha kurudisha macho kwenye kitambaa, lakini gurudumu hakulizungusha.

"Nilikasirika. Siku nyingi. Nilikuwa nakuya pale na hasira, narudia na hasira. Lakini ningesema, ungeogopa mukono yangu. Wangenipatia mutu mwingine, naye angeogopa. Kule kambini hata dada yangu alikuwa naogopa kuiangalia. Weye ndiyo ulikuwa nairudilia kila siku." Akalaza pindo. "Hata vile ulianza kunishika kama yai. Ile haikunipendeza, lakini ulikuwa nashika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nusu yangu ilikuwa imejiandaa kusamehewa. Neno la msamaha sikulisikia. Sikuliomba. Yeye naye hakulileta.

Badala yake aliinua kidevu kuelekea nyumba ya nyuma.

"Kuko mama mumoja pale, muchoma mandazi. Mafuta ilimumwangikia mukono, kidonda ilipona, sasa haifunguke. Eko nauficha mu kitenge. Mi nilimuambia aende hopitali, anasema batamucheka. Weye uko na kazi leo?"

"Sina."

"Basi kwenda umuone. Mulango ya buluu. Umuambie ni mi nilikutuma. Na asipokubali, usimusukume. Urudi kesho."

Nikaenda. Mlango wa buluu ulikuwa wazi nusu, na kwa ndani mwanamke aliyevaa kitenge cha njano aliingiza mkono wake upesi chini ya nguo aliponiona. Nilimsalimu. Nikavuta kigoda, nikaketi, nikaweka mikono yangu mitupu juu ya magoti ili aione, nikangoja.